Taa ya miche getoni: Joto ndilo mchawi wako!

Leo tunaingia getoni kwako, lakini usishtuke, hatuji kuzungumza mapenzi. Hayo yana kurasa zake na wataalamu wake. Leo ni mambo ya mboga. Ndiyo, mboga!

Wapo vijana wa mjini ambao wanaotesha giligilani, saladi na miche ya nyanya na hoho ndani ya chumba kimoja, kile ambacho jua likitaka kuingia linapiga hodi na kukosa mlango. Wengine wanakula wenyewe, wengine wanauza miche kwa majirani na kupata mshiko wa vocha. (Kama wewe una mmea mwingine kichwani, huo unaoufikiria, shauri yako na polisi, mimi simo.) Badala ya jua wanatumia taa za LED walizounda kwa mikono yao. Chipu moja, waya mbili, kazi imekwisha.

Imekwisha? Thubutu! Wiki mbili tatu zikipita taa inaanza kufifia, inageuka rangi, halafu siku moja inazima kabisa. Jamaa anakunja uso: "Nimeuziwa feki." Inawezekana ni kweli. Lakini mara nyingi, mwanangu, chipu haikuwa feki. Umeiua mwenyewe kwa joto. Na ukitaka kuunda taa ya miche, kitu cha kwanza kukipigia hesabu siyo chipu, ni lile pande la alumini linalokaa mgongoni mwake. Mafundi wanaliita hitisinki. Usije ukasema hukuambiwa.

JOTO LINATOKA WAPI?

Wengi wanaamini kuwa LED haina joto. Wameshika ile balbu ya sebuleni wakaona iko poa ukilinganisha na globu za zamani, basi wakaweka nukta. Ukweli ni nusu nusu. Globu ya zamani ilitupa joto lake mbele, pamoja na mwanga. LED inatupa mwanga mbele, lakini joto linabaki mgongoni. Usipolipa njia ya kutoka, linakaa pale pale na kupika chipu.

Na si joto la kitoto. Chukua ile chipu bapa ya wati 50, yenye duara la njano kama kiini cha yai. Ule unjano ni dawa inayogeuza mwanga wa bluu kuwa mweupe. (LED yenyewe ya bluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, kwa hiyo usiidharau.) Kwa chipu za bei rahisi, zaidi ya nusu ya umeme inaokula inageuka joto. Kwenye wati 50, weka akilini kuwa wati 30 hadi 35 ni joto tupu, na linatokea kwenye eneo dogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Washa chipu hiyo bila kitu mgongoni, utaiaga dunia yake ndani ya muda mfupi tu.

HESABU YA MTAANI

Sasa hitisinki ya ukubwa gani? Hapa ndipo wajanja wanapotengana na washamba. Usiangalie uzito wake, angalia ngozi yake. Joto linatoka kwenye alumini kupitia sehemu zote zinazoguswa na hewa, ndiyo maana hitisinki ina mbavu nyingi kama meno ya kitana.

Kanuni ya watu wanaojiundia ni hii: bila feni, kila wati moja ya joto ipe sentimita za mraba 100 hadi 120. Ukiweka feni, 40 zinatosha. Kwa hiyo joto la wati 35 linataka sentimita za mraba 3,500 bila feni, au 1,400 ukiwa na feni.

Unapimaje? Chukua rula. Ubavu mmoja wa urefu wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 4 una sentimita za mraba 60 upande mmoja. Pande mbili, 120. Mbavu ziko 20? Tayari una 2,400. Hitisinki kama hiyo bila feni inamudu wati 20 na kitu za joto, kwa hiyo wati 35 zitaielemea. Lakini ipulizie feni uone, inapiga kazi huku inacheka.

Halafu kuna kitu kingine ambacho maelekezo ya watu wa nchi za baridi hayakukumbushi. Hitisinki haipozi kushinda hewa ya chumba chako, hata ungeipulizia feni kumi. Inapanda juu ya hapo. Tuseme yako inapanda nyuzi 25. Mwenzako wa Mbeya mwezi wa Juni, chumba chake kikiwa na nyuzi 20, hitisinki inakaa kwenye 45. Wewe uko Dar, Februari, chumba cha bati, nyuzi 35. Yako iko kwenye 60! Na ndani ya chipu ongeza nyuzi nyingine 15 au 20. Taa ni ile ile, chipu ni ile ile, ila ya kwako ndiyo inayozeeka haraka. Kwa hiyo mtu wa Pwani chukua hitisinki kubwa kuliko unayoambiwa.

WAPI UTAIPATA?

Usikimbilie mpya. Jiji limejaa alumini.

Ya kwanza, na kwangu mimi ndiyo bomba kuliko zote, ni hitisinki ya amplifaya kuukuu. Zile ndefu nyeusi zenye mbavu nene. Iliundwa kukaa bila feni, uso wake ni bapa, na ule weusi si urembo tu: alumini iliyotiwa rangi kwa dawa ya kiwandani inatoa joto kwa mnururisho vizuri kuliko ile inayong'aa. Zungukia mafundi redio, utakuta imetupwa pembeni inakusanya vumbi.

Ya pili ni ile ya kompyuta, inayokaa juu ya prosesa. Imeumbwa kupoza wati 65 au zaidi, na inakuja na feni yake ya volti 12. Ila angalia, mbavu zake zimebanana sana. Bila feni, hewa haipiti, inasinzia humo humo. Ukiichukua hii, umechukua na feni, usijidanganye.

Ya tatu ni vipande vya alumini kwa mafundi wa madirisha. Bei poa, lakini mabomba yao ni membamba. Joto haliwezi kusafiri mbali kwenye bati jembamba, linabanana katikati pale chipu ilipo huku pembeni kuko baridi. Tafuta bamba la milimita 3 kwenda juu. Bamba la sentimita 35 kwa 50, ukihesabu pande zote mbili, ndiyo hizo 3,500 tulizozitaja.

Vipi chuma? Achana nacho. Alumini inapitisha joto kama mara nne ya chuma cha kawaida. Shaba nyekundu inaipita alumini karibu mara mbili, lakini ni nzito na bei yake utaomba maji. Na sufuria la mama? Ni alumini kweli, ila ni jembamba na kitako chake hakijanyooka. Liache lipike ubwabwa.

FENI AU BILA FENI?

Bila feni hakuna kelele, na hakuna kitu cha kuharibika. Unalala usingizi wako. Ila utabeba alumini kubwa, na ni lazima uitundike vizuri: mbavu ziangalie juu au zisimame wima ili hewa ya moto ipande zake. Ukiifunika kwa boksi au ukaibana kwenye silingi bodi, umeifunga pumzi.

Feni inakupunguzia ukubwa na bei. Ya kompyuta inakula kama wati 2 tu. Taa ya wati 50 ikiwaka saa 12 kwa siku inakula uniti 18 za LUKU kwa mwezi, na feni haifikishi hata uniti moja. Chaja ya volti 12 ya ruta iliyokufa inaiendesha bila wasiwasi. Tatizo la feni ni moja, siku ikigoma haikupigii simu. Vumbi la barabarani na unyevu wa mboga vinaimaliza polepole, nawe uko kazini unajua mambo shwari. Kwa hiyo mwenye feni aweke na swichi ya joto, kile kiduara kidogo kinachoitwa KSD301, cha nyuzi 70. Kinakaa kwenye hitisinki karibu na chipu, na joto likifika hapo kinakata umeme chenyewe. Mwachie fundi umeme akuunganishie, na waya zake zifunikwe.

Kuhusu kupoza kwa maji, kuna watu wanaimudu. Lakini maji, umeme na godoro ndani ya chumba kimoja? Hapana, tusiitane marehemu.

PESTI SI SIAGI

Chipu ukiilaza juu ya alumini unaona zimegusana. Kwa macho tu! Kati yake kuna vijishimo vimejaa hewa, na hewa ni mbovu kabisa kwa kupitisha joto. Ndiyo kazi ya ile pesti nyeupe au ya kijivu. Lakini nayo haiifikii alumini hata kidogo, kwa hiyo kazi yake ni kujaza vijishimo, basi. Ukipaka kama siagi kwenye mkate umeweka blanketi. Tone dogo katikati, bana kwa skrubu nne taratibu, pembe kwa pembe ili chipu isivunjike.

Kama uso wa alumini una mikwaruzo, weka msasa laini juu ya kioo bapa, sugua mpaka unyooke. Dawa ya meno tusiisikie tena: inakauka, inapasuka, na hewa inarudi. Supaglu ndiyo kabisa, usithubutu.

UJANJA WA BURE

Sasa nikupe siri ya wakubwa. Chipu ya wati 50 inataka kama ampia 1.5. Si lazima umpe zote! Chukua draiva ya miliampia 900, ile ya wati 30. Chipu itakula kama wati 29, mwanga hautapungua kwa kiasi kile kile umeme ulivyopungua, na joto litashuka karibu nusu. Ghafla ile hitisinki ya mbavu 20 inatosha bila feni. Ukitaka mwanga zaidi, weka chipu mbili zilizotulia badala ya moja inayotoka jasho.

Na draiva ni lazima, siyo hiari. Chipu ikipata moto inaanza kuvuta umeme zaidi, ikivuta zaidi inapata moto zaidi, mpaka kwaheri. Draiva ndiyo inayoishika mkono.

Utaona pia chipu zinazochomekwa moja kwa moja kwenye volti 230, bila draiva. Ni rahisi na zinavutia. Lakini umeme wa ukutani uko wazi pale usoni, na mgongoni kinachoutenga na hitisinki ni utando mwembamba tu. Utando ukiungua, lile pande la alumini linakuwa waya wa umeme juu ya mboga ulizotoka kumwagilia, nawe una mikono mibichi. Kwenye chumba unacholala, na pengine mdogo wako anacheza hapo, ziache dukani. Na kwa taa yoyote ile, hitisinki ifungwe waya wa ethi.

PIMA KABLA YA KUTAMBA

Taa ikiisha, iwashe saa nzima ukiwa hapo hapo. Kisha zima, chomoa plagi, gusa hitisinki. Ukiweza kuacha kidole sekunde tano bila kuruka, uko salama. Ukiruka, iko nyuzi 55 hadi 60 au zaidi, ongeza alumini au feni. Pima mchana wa joto, siyo usiku wa mvua. Na kila mwezi piga brashi vumbi kwenye mbavu.

Kwa hiyo kijana, ukienda Kariakoo na noti zako, usianze kwa kuuliza chipu ya wati ngapi. Anza kwa mafundi redio, chagua alumini, piga hesabu ya ngozi yake, ndipo ukanunue chipu inayolingana. Miche yako itakua, LUKU haitakulilia, na wewe utalala bila kunusa harufu ya kuungua.

Wiki ijayo Mungu akipenda tutaangalia taa hiyo uitundike umbali gani ili saladi zisirefuke shingo kama twiga. Kaa mkao wa kula!