Maziwa ya Kupimwa Yachukuliwe kwa Usafi

Mkulima, ukiona maziwa ya ng'ombe wako yana mabonge, au kiwele kimevimba na kina joto, usikimbilie kununua dawa yo yote. Ugonjwa wa kiwele huletwa na vijidudu vya namna nyingi, na dawa iuayo namna moja huenda isiiue nyingine. Fedha zako zitapotea, na chuchu yaweza kufa.

Maabara ya mifugo, kama ile ya Kabete, yaweza kukuambia ni kijidudu gani. Kazi yao ni kama ya kitalu. Mpimaji huchovya kitanzi cha waya katika maziwa, akakipitisha kwa mistari juu ya sahani ya aga, kitu kigumu kiasi kitokanacho na mwani, kilichotiwa damu. Mstari hata mstari vijidudu hupungua, mpaka vinakaa kimoja kimoja, kama mbegu zilizopandwa mbali mbali. Sahani huwekwa katika joto la digri 37 kwa siku moja au mbili. Kila kijidudu huzaana hata kikafanya kidoa kionekanacho kwa macho. Mpimaji huchota kidoa kimoja na kukipanda peke yake katika sahani nyingine, apate namna moja tu. Kisha hujaribu ni dawa gani huzuia kisiote.

Lakini kitalu hakichagui mbegu. Uchafu wa mkono wako na wa samadi nao huota. Zikiota namna nyingi, mpimaji hawezi kujua ni ipi iliyoleta ugonjwa, nawe utaambiwa ulete maziwa mengine.

Basi fanya hivi:

1. Chukua maziwa kabla ya kutia dawa.
2. Nawa mikono. Osha chuchu, uikaushe.
3. Kamua michirizi ya kwanza katika kikombe, uimwage mbali.
4. Futa ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke safi.
5. Inamisha chupa uliyopewa na afisa wa mifugo, kamua kidogo, funga mara moja.
6. Andika jina la ng'ombe, chuchu gani, na tarehe. Weka chupa penye baridi, uipeleke siku ile ile.

Ng'ombe akiwa hali au ana homa, asingojee majibu. Mwite daktari wa mifugo mara moja. Tena mkamue mwisho, baada ya wenzake wote, wala usiuze maziwa yake.