Kumfundisha Mtoto Kupendekeza Marekebisho ya Sheria

Katika masomo ya uraia, wanachuo wengi huishia kumweleza mtoto kwamba sheria hutungwa na Bunge na kwamba raia hana budi kuitii. Hiyo ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni kwamba sheria yenye kasoro hurekebishwa, na raia aweza kuonyesha njia.

Wanafunzi wa sheria hufanya kazi hiyo kwa maandishi. Huko Marekani, wanafunzi wa Harvard walianzisha jarida lao la sheria mwaka 1887, na mpaka leo wao ndio wahariri wake. Makala ya namna hii kwa kawaida huwa na hatua nne: kueleza sheria inavyosema, kuonyesha madhara yake, kuipima kwa Katiba, na kupendekeza maneno mapya.

Tuzitazame hatua hizo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume, bali 15 kwa mwanamke. Madhara yake ni dhahiri: msichana wa miaka 15 angali wa shule. Katiba, ibara ya 13, yasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Rebeca Gyumi, mhitimu wa sheria, aliifikisha hoja hiyo Mahakama Kuu, akashinda mwaka 2016. Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Serikali ikatakiwa kurekebisha sheria hiyo.

Darasani tuanze na lililo karibu. Tuseme shule moja ya Kintinku, wilayani Manyoni, ina sheria hii: "Atakayechelewa atafagia uwanja wakati wa kipindi cha kwanza." Baada ya kumwarifu Mwalimu Mkuu, tuwagawe wanafunzi wa darasa la sita katika vikundi. Waiandike sheria neno kwa neno. Waeleze ni nani anayeumia. Pengine ni yule atokaye mbali wakati wa mvua, anayekosa kipindi kila mara. Wapime kama ni haki, kisha waandike sentensi mpya. Kikundi kimoja kiitetee sheria ya zamani, kwani nayo ina shabaha yake.

Mwalimu asiridhike na jibu la "sheria hii ni mbaya". Adai maneno ya kuwekwa mahali pake.

Wakishazoea, tuwasomee kifungu cha 13. Msichana wa miaka 13 atapiga hesabu mwenyewe.