Jiwe la mwezi: faida iko kwa mkata vito

Mfanyabiashara anayepanda Kinole, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, kununua ndizi, nanasi au karafuu, huiona bidhaa yake kabla ya kutoa fedha. Mikungu inahesabika, karafuu inapimwa kwa mizani. Biashara ya vito haiendi hivyo, na mfano mzuri ni jiwe la mwezi. Likiwa ghafi hufanana na kipande cha kawaida cha mwamba mweupe. Likikatwa vyema, huelea ndani yake mwanga wa buluu au mweupe unaohama kila jiwe linapogeuzwa.

Uluguru si mgeni katika madini. Ulanga umechimbwa huko tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1906 mkemia wa Kijerumani, Willy Marckwald, alieleza madini mapya ya urani kutoka Morogoro, akayaita rutherfordine kwa heshima ya mwanasayansi Ernest Rutherford. Upande wa Matombo unafahamika kwa rubi na spineli. Miamba inayotoa ulanga huwa pia na felspa nyingi, na jiwe la mwezi ni felspa. Hapo ndipo mwenye mtaji mdogo anapoweza kuumia: felspa ni nyingi, ila yenye mwanga wa kuuzika ni chache sana.

Mwanga unatoka wapi

Jiwe hili lina aina mbili za felspa. Lilipokuwa likipoa polepole ardhini, aina hizo zilijitenga na kulala katika matabaka membamba yanayopishana. Nuru ikiingia, hutawanywa na matabaka hayo. Yakiwa membamba sana mwanga huwa wa buluu, ambao ndio wenye bei. Yakiwa manene huwa mweupe.

Kwa sababu hiyo mkata vito ndiye anayeamua thamani. Kitako cha jiwe lazima kilale sambamba na matabaka, na juu lichongwe mviringo kama kuba. Akikosea pembe, mwanga hukimbilia pembeni au hupotea kabisa, na jiwe zuri huuzwa kwa bei ya kokoto.

Historia ya mvuto wake

Waroma wa kale waliamini kuwa jiwe hili limetokana na miali ya mwezi, na nchini India limeheshimiwa kwa karne nyingi kama jiwe la baraka. Mnamo mwaka 1900 hivi, sonara René Lalique wa Paris alilitumia katika mapambo yaliyopata sifa Ulaya nzima. Mwaka 1970 jimbo la Florida, Marekani, lililifanya kito chake rasmi kukumbuka safari za mwezini zilizoanzia katika jimbo hilo. Kwa wauzaji wa vito wa kimataifa, ni miongoni mwa vito vya waliozaliwa Juni.

Yenye buluu iliyosifika zaidi yametoka Meetiyagoda, Sri Lanka. India nayo huuza kwa wingi, na hivyo kuyashusha bei yale ya kawaida.

Tahadhari kwa mnunuzi

Kwanza, jina. Linaloitwa "jiwe la mwezi la upinde wa mvua" kwa kawaida ni labradoraiti, felspa ya jamii nyingine. Si bandia, lakini si jiwe lile lile. Bandia hasa ni kioo chenye rangi ya maziwa. Kikikaguliwa kwa lenzi, mara nyingine huonyesha viputo vya hewa, ilhali jiwe halisi mara nyingi lina vinyufa vidogo mfano wa tandu.

Pili, ugumu. Kwa kipimo cha Mohs jiwe hili lina 6 hadi 6.5, na hupasuka kirahisi likigongwa. Hereni na kidani hulifaa kuliko pete ya kila siku. Kwa pete, fedha ilizungushe ukingo wote.

Tatu, gharama. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa vito ghafi kutoka asilimia 5 hadi 6, na kuongeza ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Kwa viwango hivyo, mzigo wa shilingi 1,000,000 hukatwa shilingi 70,000 kabla ya nauli na posho. Hesabu pia upotevu: kilo moja ni karati 5,000, lakini mkataji akipata sehemu moja ya kumi, zinabaki 500 tu za kuuza.

Kwa hiyo, anayeletewa mfuko wa mawe meupe asikimbilie bei ya kilo. Achague matatu, ayaloweshe maji, ayageuze juani, kisha ampe mkataji ayajaribu. Ujuzi huo upo nchini. Kituo cha Jimolojia Tanzania kilichopo Arusha hufundisha ukataji wa vito. Mawe matatu yasipotoa mwanga, fedha ibaki mfukoni: karafuu za Kinole zina mnunuzi.