Kuku wa Friza Katika Sufuria ya Presha: Mambo ya Kujua Kabla ya Kufunga Kifuniko



Tunapotembelea vikundi huku Migori na Homa Bay, kuna swali ambalo siku hizi tunaulizwa kila mara. Zamani halikuwepo. Kuku wa mgeni alikimbizwa uani asubuhi, akachinjwa, na kufikia saa saba alikuwa mezani. Leo vikundi vingi vinafuga kuku wa nyama, na kuku hao hukomaa wote kwa pamoja, wakiwa na umri wa kama wiki sita. Mnunuzi asipotokea siku hiyo, kila asubuhi wanakula chakula cha pesa na faida inapungua. Basi kikundi chenye stima kinawachinja wote na kuwatia kwenye friza. Wengine nao hununua kuku wa friza mjini, pale Migori, Rongo, Oyugis au Homa Bay, kwa ajili ya harusi, matanga au mkutano. Kuni nazo zimekuwa shida, kwa hivyo akina mama wamechanga na kununua sufuria ya presha.

Swali ni hili: Je, kuku aliye barafu anaweza kuingia moja kwa moja kwenye sufuria ya presha?

Jibu fupi: vipande vidogo vilivyoachana, ndiyo, mkiongeza muda. Kuku mzima, au vipande vilivyoshikana kuwa donge moja, hapana. Hebu tueleze sababu, kwa sababu mtu akijua sababu hatahitaji kukumbushwa.

TULIYOYAONA

Wakati mmoja tulialikwa na kikundi kimoja upande wa Migori. Hatutakitaja jina, maana walitupokea vizuri sana. Walikuwa na kuku wawili wazima kwenye friza, wagumu kama mawe. Wageni walikuwa wamekaribia, kwa hivyo kuku wakatiwa hivyo hivyo kwenye sufuria ya presha. Maji yalitiwa nusu kikombe tu, kwa kuwa mmoja alisema barafu yenyewe itatoa maji.

Baada ya dakika 20 kifuniko kilifunguliwa. Ngozi na nyama ya nje ilikuwa imevunjikavunjika. Lakini paja lilipokatwa, ndani kulikuwa na damu, na kifua katikati kilikuwa bado baridi. Wakafunga tena. Maji yakaisha, chini kukaungua, na harufu ikajaa boma. Huku kwetu mgeni akipewa kuku amepewa heshima, na mwenyekiti wa kikundi alishindwa hata kututazama.

Hilo lilikuwa jambo la aibu tu. La pili lilikuwa la maumivu. Mama mmoja upande wa Homa Bay aliona nyama inachelewa, akalazimisha kifuniko kufunguka kabla mvuke haujaisha. Mchuzi ulimrukia mkononi na kifuani. Ilikuwa majira ya kupanda, na kwa wiki tatu hakushika jembe. Chakula alichokuwa akikiharakisha kilimgharimu shamba.

KWA NINI BARAFU INADANGANYA

Kwanza tuelewe sufuria yenyewe. Pwani, kule Mombasa, maji huchemka kwenye joto la nyuzi 100. Kwetu, uso wa ziwa wenyewe uko karibu mita 1,134 juu ya bahari, kwa hivyo katika sufuria ya kawaida maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, na hata ukiongeza kuni hayapandi zaidi ya hapo. Sufuria ya presha hufungia mvuke ndani. Mvuke unabana, na maji yanapanda hadi karibu nyuzi 120. Ndiyo sababu jogoo mzee wa kuchemshwa saa mbili au tatu analainika kwa chini ya saa moja.

Ujuzi huu si wa juzi. Mwaka 1679 Mfaransa mmoja, Denis Papin, alionyesha huko London chombo cha chuma chenye kifuniko cha kubana, kilichoweza kulainisha hata mifupa. Ni yeye pia aliyekitilia vali ya usalama ili kisipasuke. Kile kidude kinachopiga kelele juu ya sufuria yenu ni mjukuu wa vali ile.

Sasa tutazame barafu. Kuyeyusha kilo moja tu ya barafu kunataka joto sawa na lile la kupasha kilo moja ya maji kutoka baridi ya barafu hadi nyuzi 80. Na zaidi ya nusu ya nyama ya kuku ni maji. Kwa hivyo kuku aliyeganda hula joto jingi kabla hajaanza kuiva hata kidogo. Tena joto hupenya nyama polepole, kutoka nje kwenda ndani. Maji yaliyo kandokando yanachemka, mvuke unajaa, kidude kinaanza kupiga kelele, na mpishi anaanza kuhesabu dakika. Kumbe katikati bado ni barafu! Ile filimbi hutangaza habari za maji, haitangazi habari za nyama.

Hatari yake si ladha tu. Kuku mbichi huweza kubeba vijidudu vya kuharisha, kama salmonela. Baridi ya friza haiviui, huvilaza tu. Kinachoviua ni nyama kufika nyuzi 74 hadi katikati. Mtoto mdogo, mama mjamzito na mzee ndio huumia zaidi, na hao ndio wanaopewa mchuzi kwanza.

KAZI HUANZIA KWENYE KISU

Basi tunasema hivi: makosa mengi ya jikoni huwa yamefanyika siku ya kugandisha. Kikundi kikichinja, msitie kuku mzima kwenye friza ikiwa mnajua atapikwa kwa presha. Fanyeni hivi:

1. Mkate vipande siku ile ile ya kuchinja, nyama ikiwa safi na imepoa.

2. Pangeni vipande kwenye sinia bila kugusana, mtie kwenye friza mpaka vigande, ndipo mvikusanye kwenye vyombo vyenye kifuniko. Hapo havitashikana.

3. Vyombo viwe vidogo, vya mlo mmoja. Andikeni tarehe.

4. Stima ikipotea, msifungue friza. Friza iliyojaa hutunza baridi kama saa 48, na iliyojaa nusu kama saa 24. Stima ikirudi, nyama ambayo bado ina barafu inaweza kugandishwa tena. Iliyolegea na kukaa na joto zaidi ya saa mbili, itupeni. Ni hasara, lakini ugonjwa ni hasara kubwa zaidi.

Mkinunua mjini, tazameni pakiti. Barafu nyingi yenye rangi ya damu iliyokusanyika chini ni dalili kwamba kuku aliwahi kuyeyuka akagandishwa tena. Mwacheni.

KUYEYUSHA

Ikiwa kuku ni mzima au ni donge, yeyusheni kwanza. Msimwache mezani wala juani, kwa maana huku kando ya ziwa joto ni kali: nje nyama itaanza kuharibika huku ndani bado ni jiwe. Zipo njia mbili nzuri.

Mwenye friji amtie sehemu ya chini, ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee chakula kingine. Kuku mzima atahitaji kama siku nzima.

Asiye na friji atumie maji baridi. Maji ya mtungi ni mazuri kwa kazi hii. Kuku abaki kwenye pakiti yake isiyovuja au kwenye chombo kilichofungwa vizuri, azame, na maji yabadilishwe kila nusu saa. Vipande huchukua kama saa moja, na kuku mzima saa mbili hadi tatu. Akishayeyuka apikwe mara moja.

Na tusioshe kuku mbichi kwa kumwagia maji mengi. Matone hurukia sukuma wiki na vyombo, na vijidudu huenda nayo. Kisu, ubao na mikono vioshwe kwa sabuni.

KUPIKA

Kwanza kagueni sufuria. Tazameni mwangaza kupitia tundu la mvuke: likiwa limeziba, zibueni. Mpira wa kifuniko usiwe na nyufa. Vali ya usalama ikiharibika inunuliwe nyingine. Kuziba kwa msumari au sarafu, au kuweka jiwe juu ya kifuniko, ni kutengeneza bomu.

Kaangeni kitunguu kwa mafuta kidogo, kifuniko kikiwa wazi. Tieni nyanya, chumvi na vipande vya kuku. Ongezeni maji au mchuzi, yasipungue kikombe kimoja kwa sufuria ndogo na viwili kwa kubwa. Maji ndiyo yanayotoa mvuke, msiitegemee barafu. Sufuria isijae kupita theluthi mbili. Msikaange kuku kwa mafuta mengi kifuniko kikiwa kimefungwa, hata siku moja.

Fungeni. Moto uwe mkali mpaka kidude cha juu kianze kutikisika au kupiga filimbi, kisha upunguzwe, uwe wa kutosha tu kukiweka kikitikisika taratibu. Jiko la makaa ni rahisi: toeni baadhi ya makaa. Mafiga matatu yenye kuni hayafai sana, kwa sababu moto ni mgumu kupunguza na ndimi zake huunguza mishikio. Mwenye sufuria ya presha ya stima asiiweke motoni kamwe.

Dakika zihesabiwe kuanzia hapo kidude kinapotikisika, si tangu sufuria ilipowekwa jikoni:

– Kuku wa nyama, vipande vilivyoyeyuka: dakika 10.
– Kuku wa nyama, vipande vya barafu vilivyoachana: dakika 15.
– Kuku wa nyama mzima aliyeyeyuka kabisa: dakika 20 hadi 25.
– Kuku wa kienyeji mchanga, vipande vilivyoyeyuka: dakika 20 hadi 25.
– Jogoo mzee, au kuku wa mayai aliyeacha kutaga, vipande vilivyoyeyuka: dakika 35 hadi 45. Vikiwa barafu, ongezeni nusu ya muda huo, na mtazame maji yawe ya kutosha.

Muda ukiisha, ondoeni sufuria motoni na kuiacha itulie dakika 10 hadi 15. Kidude kikiguswa kwa kijiko kisitoe sauti yoyote, ndipo kifuniko kifunguliwe, kikielekezwa mbali na uso. Kifuniko kikikataa kuzunguka, kinawaambia mvuke bado upo. Kisikilizeni. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu.

KUJUA KAMA AMEIVA

Rangi peke yake haitoshi. Kuku mchanga aliyegandishwa anaweza kuwa na wekundu karibu na mfupa ingawa ameiva, kwa sababu rangi ya uboho hupenya. Chagueni kipande kinene kuliko vyote, mkipasue hadi kwenye mfupa. Nyama iachane na mfupa kwa urahisi, maji yake yasiwe ya damu, na katikati itoke mvuke, iwe moto wa kuchoma kidole. Kikiwa na shaka, rudisheni, ongezeni maji, na mpike dakika 5 nyingine. Mchuzi ukiwa mwepesi, uchemsheni kifuniko kikiwa wazi mpaka uzito uwapendeze, kisha songeni ugali.

Wale akina mama wa Migori waliotupikia kuku mbichi walituita tena baadaye. Safari hii kuku walikuwa wamekatwa kabla ya kugandishwa. Mpishi alikuwa na saa mkononi, na sufuria ilipotulia hakuna aliyeigusa mpaka iliponyamaza yenyewe. Tulikula, tukaomba nyongeza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuku wetu wa friza tunawagandisha wazima au vipande? Nani atasimamia kisu siku ya kuchinja?

2. Sufuria yetu ya presha ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Je, tumetenga pesa za mpira na vali?

3. Siku ya wageni wengi, ni nani aliyepewa kazi ya kuhesabu dakika, na asiyeruhusiwa kuharakishwa na mtu yeyote?

4. Stima ikipotea siku mbili, tutafanya nini na nyama iliyo kwenye friza?