Kelele za Jua Hazitokani na Joto Lake

Tarehe 27 na 28 Februari 1942, rada za jeshi la Uingereza zilizokuwa zikilinda anga dhidi ya ndege za Wajerumani zilijaa kelele hadi zikawa hazifai kitu. Majuma mawili tu kabla ya hapo, manowari za Kijerumani zilikuwa zimepenya Mlango-Bahari wa Uingereza huku rada zikivurugwa makusudi, kwa hiyo shaka yote ilimwangukia adui. Mwanafizikia James Stanley Hey, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza hila za namna hiyo, alisoma taarifa za vituo akaona chanzo kinahama angani pamoja na Jua. Akaulizia kituo cha uchunguzi wa anga cha Greenwich, akajibiwa kwamba kundi kubwa la madoa lilikuwa karibu katikati ya uso wa Jua. Vita ikafanya ugunduzi huo uwe siri hadi 1946.

Kila chenye joto hutoa mawimbi ya redio, japo kwa uchache. Lakini Hey alikadiria kwamba nguvu iliyopokewa ilikuwa kama mara laki moja ya ile ambayo joto la uso wa Jua lingeweza kutoa. Ziada hiyo ilitoka wapi?

Juu ya madoa ya Jua husimama matao ya ugasumaku yaliyojaa plazma, yaani gesi ambayo elektroni zake zimebanduka kwenye atomi. Matao hayo yakisokotwa kupita kiasi, mistari yake hukatika na kuungana upya, na nishati iliyolimbikizwa humwagika kwa dakika chache. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hurusha elektroni.

Zile zinazoelekea juu hukimbia kwa takriban theluthi ya kasi ya mwanga, na kila zinapopita huitikisa plazma. Masafa ya mtikisiko huo hutegemea msongamano: penye elektroni milioni 100 katika sentimita moja ya ujazo, plazma hutoa mawimbi ya megahezi 90 hivi, humo humo kwenye bendi ya FM. Kadiri elektroni zinavyopanda, plazma inazidi kuwa nyepesi, na sauti inashuka kama mluzi unaoishiwa pumzi.

Zinazoelekea chini huzunguka kwenye mistari ya sumaku zikitoa mawimbi mafupi zaidi ya redio, kisha hugonga tabaka zito la chini. Hapo ndipo joto kuu linapozaliwa. Plazma huchemka kupita nyuzi milioni 10, hupanda na kuyajaza matao, ikang'aa kwa eksirei. Mwaka 1968 Werner Neupert alionyesha kwamba ukijumlisha kelele za mawimbi mafupi tangu mlipuko uanze, unapata takriban mchoro wa kupanda kwa eksirei. Kwa hiyo wanaosema Jua "lilipata joto likalipuka" wameugeuza mpangilio: redio hutangulia, joto hufuata.

Na ukubwa wa moja haukuambii ukubwa wa jingine. Milipuko ya Jua hupangwa madaraja kwa eksirei zake, na ule wa Novemba 2003 uliupita kwa mbali ule wa tarehe 6 Desemba 2006. Hata hivyo, ni huu mdogo wa 2006 uliotoa kelele za redio zilizovuruga vipokezi vya GPS katika upande wa dunia uliokuwa na mchana.