Mashine Baadaye, Bamba Kwanza

Kila mwaka, kabla korosho hazijaanza kudondoka, hapa Mkunya watu hukumbuka kwa pamoja kwamba wana mapanga butu. Shamba lazima lifyekwe chini ya mikorosho, la sivyo korosho zitapotelea majanini. Basi huja na panga, shoka na fyekeo, na akina mama wanaobangua majumbani huja kutafuta visu vidogo vya kumenyea ganda jembamba la ndani. Ni msimu mzuri kwa fundi chuma. Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii nao huniuliza swali lile lile: “Fundi, ninunue mashine gani?”

Jibu langu huwakera. Nawaambia wasinunue mashine bado. Watafute kwanza kitu cha kuegemeza na kitu cha kushikia.

Kisu ni kabari. Nyuso zake mbili zinateremka kutoka mgongoni hadi kwenye makali, na zikiteremka kwa mwinamo mmoja kuanzia mpinini hadi ncha, kinapita kwenye muhogo bila ubishi. Zikipanda na kushuka, kisu kinakuwa kinene hapa, chembamba pale. Sehemu nyembamba inamegeka, sehemu nene inagoma kuingia. Mnunuzi atasema chuma ni kibaya, kumbe chuma hakina kosa. Wengi wetu tunatumia springi za magari, na springi ni chuma kizuri tu kwa kisu. Kinachoharibu ni grinda ya mkono. Diski yake inagusa mahali padogo sana, kwa hiyo kila mkono unapotetereka, panabaki shimo. Grinda naiheshimu kwa kukatia umbo. Kwa kutengeneza bapa la kisu, iweke kando.

Umeme nao una tabia zake, kila mtu anazijua, kwa hiyo naanza na kifaa kisichouhitaji. Chukua ubao mnene, mrefu kama mkono wako. Upande wa mbali simamisha bolti yenye jicho, ile yenye pete kichwani, na uifunge kwa nati mbili ili uweze kuipandisha na kuishusha. Chukua nondo laini iliyonyooka, si ile yenye mistari, uifunge sambamba na tupa. Nondo inapita kwenye jicho, na tupa inakuja juu ya kisu kilichobanwa upande wako, mgongo ukielekea kwenye jicho na makali yakielekea kwako. Sasa hata ukisukuma tupa ukiwa na usingizi, haiwezi kubadili mwinamo. Jicho limeshaamua.

Urefu wa jicho haukisiwi. Tuseme una springi iliyopunguzwa hadi unene wa milimita 4, na kisu kina upana wa milimita 30. Kabla ya kukitia moto unataka kuacha milimita 1 kwenye makali, kwa sababu makali membamba kuliko hapo hujikunja au kupasuka yakichovywa kwenye oili. Unaondoa basi milimita 3 kwa jumla, yaani milimita 1.5 kila upande, katika upana wa 30. Hiyo ni 1 kwa 20. Kama kutoka mgongo wa kisu hadi kwenye jicho kuna milimita 400, jicho linainuka milimita 20 juu ya uso wa kisu, ukihesabu pia nafasi iliyopo kati ya nondo na uso wa tupa. Ni hesabu ya darasa la sita, na ndiyo itakayofanya visu vyako kumi vifanane.

Sharti moja: springi ilainishwe kwanza. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu na sumaku isiishike tena, kisha ifukie kwenye majivu ilale humo hadi asubuhi. Usipofanya hivyo utamaliza tupa kabla hujamaliza kisu, na bei ya tupa nzuri pale Masasi unaijua.

Haya, tuseme umepata mota. Mashine ya mkanda ni mkanda wa msasa unaozunguka juu ya magurudumu mawili au matatu. Watengeneza visu wa Marekani wamezoea mikanda ya inchi 2 kwa 72. Wewe anza na mkanda unaoweza kuupata tena ukiisha, halafu jenga mashine kuufuata. Kati ya gurudumu la juu na la chini, nyuma ya mkanda, linakaa bamba la chuma. Kisu kinausukuma mkanda, bamba linaukatalia kurudi nyuma. Hapo ndipo bapa linanyooka. Pasipo bamba mkanda unabonyea, na kisu kinatoka na tumbo.

Tumbo si baya kila mahali. Panga na shoka nazimalizia kwa makusudi pale mkanda unapolegea, maana makali yenye tumbo yana nyama ya kustahimili vishindo vya mti. Kisu cha jikoni ndicho kisichotaka tumbo.

Bamba lenyewe lisiwe la kuokoteza. La milimita 3 litapata joto na kujipinda, kwa hiyo tafuta flatibaa ya milimita 10 au zaidi. Ilaze juu ya kioo kinene chenye msasa, isugue mpaka uso wote ung’ae kwa pamoja bila kubaki doa. Kingo zake mbili ndefu ziviringishe kidogo kwa tupa. Mwinamo unapokoma karibu na mpini, ukingo mkali wa bamba huacha mfereji wenye kona, na kwenye kona kama hiyo ndiko ufa unakoanzia kisu kikizamishwa kwenye oili. Halafu lifunge kwa bolti ambazo vichwa vyake vimezama, lijitokeze milimita 2 hivi mbele ya magurudumu. Usilichomelee. Bamba huliwa katikati, na siku likiliwa utataka kuligeuza au kulibadilisha. Kulijua ni rahisi: weka rula ya chuma juu yake, elekeza kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, visu vyako vya wiki iliyopita vilitoka na mgongo wa kobe.

Wapo wanaobandika kioo maalumu juu ya bamba, cha aina ile ya majiko ya umeme, kwa kuwa hakiliwi upesi kama chuma. Ni kizuri. Kioo cha dirisha usijaribu, joto litakipasua usoni pako.

Kishikizo cha pembe kinakuja mwisho. Cha kawaida ni mabamba mawili yaliyounganishwa kwa bawaba: moja linateleza juu ya meza ndogo mbele ya mkanda, jingine limebana kisu, na bolti kati yao inaamua pembe. Mafundi wengi hupenda kukishika kisu kwa sumaku kwa sababu ni haraka. Mimi napendelea kubana kwa bolti. Sumaku hukusanya unga wa chuma chini ya kisu, na unga kidogo tu unabadilisha pembe bila wewe kuona. Pia jua kwamba kishikizo hakiwezi kumaliza ncha, kwa vile pale kisu kinajipinda na kupungua upana. Kazi ya ncha ni ya mkono, na mkono hufundishwa na visu vingi.

Kisu kikishatiwa moto na kuchovywa, punguza ukakamavu kwa joto la nyuzi 200 hivi, kisha rudi kwenye mkanda polepole, vidole vitupu, ndoo ya maji pembeni. Ukiona rangi ya buluu kwenye makali, joto limekaribia nyuzi 300 na ugumu umeondoka. Hapo hakuna jingine ila kuanza upya. Na funga pua. Kule Sheffield, Uingereza, katika karne ya 19 wanoaji wa visu na uma walikuwa wakifa vijana kwa vumbi la mawe ya kunolea lililojaa mapafuni. Kitambaa kilicholowa maji ni afadhali kuliko kujigamba.

Kuna mahali ambapo vifaa vyote hivi sivileti: kwa wachonga vinyago. Mpingo ni mti mzito unaozama majini, nao hutaka tezo na patasi zilizonolewa kwa namna ya mwenye mkono. Nilipomwonyesha mjomba wangu mmoja, mchongaji, kishikizo changu, alikitazama, akasema, “Mpwa, hiki kitanoa tezo yako. Yangu kitaiharibu.” Yuko sahihi. Tezo yake imeinama kufuata bega lake, na jiwe lake linaijua.

Wewe unayenunua kisu tu, si wa kutengeneza, usimwulize fundi ana mashine gani. Kishike kisu makali yakiwa juu, funga jicho moja, tazama kutoka mpinini hadi ncha kwenye mwanga wa jua. Kisha weka ukingo wa rula juu ya bapa, kushoto na kulia. Ukiona mawimbi, mrudishie kabla hujatoa hela.