Python ilivyofupisha msako wa majina

Programu za Python hutaja len, print na range bila mwandishi kuyaeleza popote. Majina haya huja na lugha yenyewe, hivyo wengi hudhani kuyapata hakugharimu kitu. Kumbe kwa miaka mingi ndiyo yaliyokuwa na njia ndefu kuliko yote.

Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, hutafuta jina kwa ngazi. Jina la ndani ya fanksheni halisumbui: nafasi yake hupewa namba mapema, likihitajika huchukuliwa papo hapo. Lakini ikitajwa len, hufunguliwa kwanza kamusi ya majina ya moduli, yaani faili lenyewe la programu. Lisipopatikana humo, ndipo hufunguliwa kamusi ya pili, ya majina ya lugha. Zamani, kitanzi kikiita len mara milioni moja, hiyo ilikuwa misako milioni mbili.

Kwa nini jibu lisihifadhiwe tangu mwanzo? Kwa sababu Python humruhusu mwandishi kuunda len yake wakati wowote, hata programu ikiwa inaendelea kufanya kazi.

Wenye haraka walibuni ujanja wa kuandika len=len kwenye vigezo vya fanksheni, jina la lugha likageuka la ndani. Kasi iliongezeka, msimbo ukachafuka. Mwaka 2001 Skip Montanaro na Jeremy Hylton walipendekeza, kila mmoja kwa waraka wake, njia za kukwepa misako hiyo. Mwaka uliofuata van Rossum naye akaleta waraka wake. Hakuna uliotekelezwa.

Nafuu ilikuja na toleo la 3.8, Oktoba 2019. Amri ya kutafuta jina, ndani ya fanksheni inayoitwa mara nyingi, ilianza kutunza jibu la mwisho pamoja na namba za hali ya kamusi zote mbili. Namba zisipobadilika, jibu hutumika tena. Kasi ya amri hiyo ilipanda kwa takriban asilimia 40.

Toleo la 3.11, Oktoba 2022, lilikwenda mbali zaidi kwa muundo wa Mark Shannon: amri hujigeuza yenyewe wakati programu inaendelea. Ikishaona kuwa len hutoka kwenye kamusi ya lugha, huenda moja kwa moja kama mteja kwa muuzaji wake wa kila siku, ikihakiki tu kwamba meza haijahamishwa. Moduli ikiongezewa len mpya, uhakiki hushindwa na msako wa zamani hurejea. Pamoja na maboresho mengine, toleo hilo lilikuwa na kasi mara 1.25 ya 3.10 kwa wastani, na ujanja wa len=len ukabakiwa na faida ndogo.